Asilimia Ngapi ya Haki Yako?

Kuna biashara moja ambayo bidhaa yake ni fedha yako mwenyewe. Anayeifanya hana duka wala ghala. Ana orodha ya majina, simu ya mkononi na karatasi ya mkataba. Anakupigia jioni, anakutaja kwa majina yako yote matatu bila kukosea, anataja na jina la marehemu baba yako, kisha anakueleza kwamba kuna pesa zenu zimelala mahali. Ziko wapi? Hasemi. Kiasi gani? Hasemi pia, ila anakuhakikishia kuwa si haba. Anachotaka ni sahihi yako. Ukishatia sahihi, atazifuatilia mwenyewe, na zikitoka atachukua theluthi moja, wewe ubaki na mbili.

Wengi wetu hupiga hesabu papo hapo. Pesa hizi nilikuwa sizijui. Asingenipigia, nisingepata hata senti. Basi theluthi mbili ni bora kuliko kukosa kabisa. Kalamu inachukuliwa, sahihi inatiwa.

Hesabu hiyo ina kosa, na biashara nzima imesimama juu ya kosa hilo. Mara nyingi orodha aliyonayo bwana huyu ni orodha ya serikali, iliyo wazi kwa kila anayetaka kuitazama, na kudai hakulipiwi chochote. Hukuwa unachagua kati ya theluthi mbili na kukosa. Ulikuwa unachagua kati ya theluthi mbili na fedha yako yote.

Ndiyo maana leo nataka tuzungumzie sheria zinazomwekea mtu huyu kikomo. Zipo, na baadhi yake zimeandikwa kwa akili sana. Nyingi ziko Marekani, na nitazianzia huko kwa sababu mbili. Ya kwanza, ndiko zilikokomaa. Ya pili, wengi wanaonisikiliza wana mtoto, ndugu au mjomba aliyewahi kufanya kazi Texas, Minnesota au Washington, na pengine ameacha kitu nyuma bila kujua.

Kwanza tuelewe pesa hupoteaje. Watu hupenda kusema mwenyewe alizembea, na mimi sikubaliani nao. Mtu akihama nyumba, ile amana aliyoweka kwa kampuni ya umeme inabaki huko. Akiacha kazi ghafla, mshahara wa wiki ya mwisho unatumwa kwa hundi kwenye anwani ya zamani. Bima ya maisha ya baba inakaa kimya kwa sababu baba hakumwambia yeyote kwamba anaikata. Na hili la kutosema tunalijua vizuri majumbani mwetu: wangapi wanajua mume ana akaunti ngapi, na benki zipi? Anafariki, arobaini inapita, ndugu wanagawana viti na godoro, na huku kuna hisa zinazozaa gawio kila mwaka kwa jina la mtu aliye kaburini.

Sheria za Marekani haziachi fedha hizo zikawe faida ya benki au ya kampuni ya bima. Miaka iliyowekwa ikipita bila mwenyewe kuonekana, kampuni inalazimika kuzikabidhi kwa jimbo. Jimbo linazitunza kwa niaba ya mwenyewe, linatangaza majina, na mwenyewe au mrithi wake anaweza kuzidai hata baada ya miaka mingi. Chama cha wasimamizi wa mali isiyodaiwa wa majimbo hayo, kinachojulikana kwa kifupi NAUPA, kinakadiria kuwa Mmarekani mmoja katika kila saba ana kitu cha namna hii mahali fulani.

Hapa kuna jambo ambalo ndugu zetu wa ughaibuni hulikosea. Fedha haziendi katika jimbo lenye makao makuu ya kampuni, wala hazikufuati unakohamia. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1965, katika kesi ya Texas dhidi ya New Jersey, kwamba haki ya kuzishika fedha hizo ni ya jimbo la anwani ya mwisho ya mwenye mali iliyoandikwa katika vitabu vya kampuni. Aliyeishi Houston miaka mitatu, akahamia Seattle, kisha akarudi Mombasa kuoa, ana majimbo mawili ya kutazama. Kutazama kwenyewe ni kuandika jina kwenye tovuti ya kila jimbo, na hata kule Likoni mtu anaweza kufanya hivyo akiwa amekaa barazani.

Sasa tuje kwa wakala wetu, yule wa simu ya jioni. Majina yakishatangazwa, naye anayasoma. Anachagua yale yenye fedha nyingi na kuanza kupiga simu. Majimbo yaliliona hilo mapema, na mengi yakatunga vikomo vyao. Washington imeweka asilimia 5 tu ya kiasi kinachorudi kwa mwenyewe. California, Texas na Ohio zimeweka asilimia 10. New York imeweka 15. Tuchukue dola 3,000, kiasi ambacho si cha ajabu kwa bima ndogo au akaunti iliyosahauliwa. Washington, wakala hapati zaidi ya dola 150. California, 300. New York, 450. Yule wa theluthi angeondoka na dola 1,000 kwa kujaza fomu ambayo ungeweza kuijaza mwenyewe.

Washington hawakuishia kwenye asilimia. Kwa miaka mingi sheria yao ilisema kwamba anayedai zaidi ya hapo ametenda kosa la jinai, na faini yake haipungui ile ada aliyoitaka wala haizidi mara kumi ya ada hiyo, au afungwe hadi siku 30, au yote mawili. Soma vizuri maneno yale: ada aliyoitaka. Hata kama hajalipwa, kuomba tu kunatosha. Napenda sheria inayozungumza hivyo, kwa sababu mzee aliyekwisha kudanganywa huona aibu kwenda kushtaki, na sheria inayosubiri mpaka hasara itokee huchelewa.

Lakini nikiulizwa ni sheria ipi ningependa ifundishwe kwetu, nitataja ile ya California, na sababu yangu haihusu asilimia 10. Katika kifungu cha 1582 cha sheria yao ya mwenendo wa madai, mkataba wa kumtafutia mtu mali yake hauna nguvu mpaka uwe wa maandishi, uwe na sahihi ya mwenyewe, na kabla ya sahihi hiyo mkataba wenyewe uwe umemweleza mambo matatu: mali ni ya aina gani, thamani yake ni kiasi gani, na nani anaishika, kwa jina na anwani.

Fikiria maana yake. Silaha ya wakala ilikuwa kujua kile usichokijua. Sheria inamwambia: kijue upendavyo, ila kabla hujamtoza mtu, mwambie kila kitu. Ukishaambiwa kwamba fedha ni dola 3,000 za bima na ziko kwa Mdhibiti wa Fedha wa California pale Sacramento, unaweza kumshukuru bwana huyo, ukafunga simu, ukaandika barua mwenyewe. Na ukiamua kumpa kazi, unampa kwa sababu huna muda, au mguu unauma, au hujiamini na fomu za Kiingereza. Hiyo ni huduma halali, na inastahili malipo. Kuuziwa siri ambayo si siri ni jambo lingine.

Kifungu hicho kina sentensi nyingine mwishoni ambayo wengi huiruka. Kinasema hakuna lolote ndani yake linalomzuia mwenye mali kudai, wakati wowote, kwamba malipo waliyokubaliana yamezidi au si ya haki. Maana yake ni kwamba hata asilimia 10 si kibali cha kutoza 10 kwa kila kazi. Mtu akichukua dola 40,000 kwa kazi ya dakika kumi, mwenyewe bado ana njia ya kupinga.

Kuna na suala la muda. Tume ya Marekani inayoandika sheria za mfano ili majimbo yasipishane imeiandika na kuirekebisha sheria ya mali isiyodaiwa mara kadhaa: 1954, 1966, 1981, 1995 na 2016. Katika toleo la 1995, mkataba wa kutafuta mali uliofanywa kabla miezi 24 haijapita tangu fedha zifike mikononi mwa serikali ni batili, isipokuwa ule wa kumweka wakili awasilishe dai au apinge dai lililokataliwa. Sababu yake ni nzuri. Serikali ndiyo inayopaswa kukutafuta kwanza, bure. Ipewe miaka miwili ya kutangaza na kutuma barua. Wakala asikimbilie mlangoni kwako siku ile ile jina lako lilipochapishwa, akakuwahi kabla barua ya bure haijafika.

Toleo hilo hilo linataka kitu kingine ambacho kwangu ni cha thamani kuliko asilimia yoyote. Mkataba lazima utaje thamani ya mali kabla ya ada kukatwa na thamani yake baada ya kukatwa. Namba mbili, zimekaa pamoja kwenye karatasi. Mtu anaweza kusikia asilimia 30 na isimguse moyo, maana asilimia ni hewa. Mwandikie kwamba mali ni shilingi 240,000 na utakayopokea ni 168,000, na hapo hata bibi asiyesoma sana atauliza hizo 72,000 zinakwenda wapi.

Nimesikia hoja za wanaopinga vikomo hivi, na sitaki kuzipuuza. Wanasema ukibana ada mpaka asilimia 5, hakuna atakayehangaika kumtafuta mtu mwenye dola 200. Ni kweli. Ila hata bila kikomo, wakala alikuwa hamtafuti huyo. Anawatafuta wenye dola 20,000. Mwenye 200 ataokolewa na serikali inayotangaza kwa bidii, au hataokolewa.

Hoja yao ya pili ina uzito zaidi. Wanasema kuna kazi ambayo ni kutafuta kweli. Mtu anafariki bila mke wala mtoto, na warithi wake ni wajukuu wa shangazi waliotawanyika nchi nne. Kuwapata kunahitaji kufukua vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya kifo, kulinganisha majina yaliyoandikwa vibaya na makarani, kusafiri, kukaa miezi. Anayefanya hivyo halipwi kwa kusoma orodha. Ameujenga ukoo upya kwenye karatasi.

Nchi ya kutazama hapo ni Uingereza. Kwa miaka mingi idara ya sheria ya serikali huko ilitoa orodha ya mirathi isiyo na wenyewe, iliyopatikana bure na kuhuishwa kila siku ya kazi. Asubuhi orodha ilitoka, na kampuni za kusaka warithi zikaanza mbio: nani atamfikia binamu wa kwanza na kumsainisha kabla ya mwenzake. Biashara hii ilipata umaarufu mpaka shirika la BBC likaitengenezea kipindi cha televisheni. Huko hakuna sheria inayoweka kikomo cha kamisheni, wala leseni maalumu ya kazi hiyo. Mrithi anaachiwa ajitetee mwenyewe kwa kubembelezana kuhusu bei, na anayebembelezwa ni mtu aliyepata habari ya msiba na habari ya urithi katika simu moja. Siamini kwamba mtu katika hali hiyo ana uhuru kamili wa kukubali au kukataa.

Kwa hiyo naona kazi hizi mbili zitenganishwe. Kumwonyesha mtu jina lake mwenyewe kwenye orodha ya wazi iwe na kikomo kikali, na asilimia 5 ya Washington inatosha. Kuthibitisha ukoo mahakamani iruhusiwe malipo makubwa zaidi, lakini yapitishwe na hakimu anayeona kazi iliyofanyika. Kuzichanganya kazi hizi ndiko kunakowapa wa kwanza nafasi ya kudai bei ya wa pili. Kwa desturi zetu, anayekuletea mbuzi wako aliyepotea hupewa shukrani, na pengine nauli. Hadai paja.

Kikomo kikishawekwa, hila hufuata. Ya kwanza ni kununua dai. Wakala hasemi tena kwamba atakusaidia kwa ada. Anasema, niuzie haki yako, nakupa dola 1,000 taslimu leo, upate chakula cha watoto. Wewe unauza, kumbe nyuma kuna dola 9,000. Hajatoza ada, kwa hiyo anadai kikomo hakimhusu. Jimbo la Florida limeamua kutolifumbia macho jambo hili: mkataba wa kununua dai nao una fomu maalumu ya serikali, na wanaoruhusiwa kuwasilisha madai kwa niaba ya wengine ni mawakili, wahasibu na wapelelezi wenye leseni, tena waliosajiliwa na idara yenyewe.

Hila ya pili ni uwakilishi. Unatia sahihi karatasi ya kumpa mtu mamlaka ya kukuwakilisha, na ndani yake kuna mstari unaosema malipo yaingie akaunti yake kwanza. Hapo kikomo cha asilimia 10 hakikusaidii kitu, kwa sababu wewe ndiye utakayekuwa unamkimbiza yeye.

Na ipo sehemu ambayo mara nyingi kikomo hakifiki. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji wote tisa wakikubaliana, kesi ya mama wa miaka 94, Geraldine Tyler, dhidi ya Kaunti ya Hennepin huko Minnesota. Alikuwa na deni la kodi ya majengo ambalo pamoja na riba na adhabu lilifika dola 15,000. Kaunti ikaichukua nyumba, ikaiuza dola 40,000, ikabaki na zote. Mahakama ikasema ziada ile, dola 25,000, ilikuwa mali ya mama yule, na kaunti haikuwa na haki ya kuikalia. Ni uamuzi mzuri. Lakini ziada ya mnada hukaa kwa kaunti au mahakamani, na vikomo vingi nilivyovitaja vimeandikwa kwa mali iliyoripotiwa kwa hazina ya jimbo. Aliyenadiwa nyumba, tena akiwa hana pa kulala, ndiye anayepigiwa simu na mtu anayetaka nusu. Sheria inayomlinda mwenye akaunti iliyosahauliwa na kumwacha aliyefukuzwa kwake imeacha mlango wazi pale penye shida kubwa zaidi.

Sasa turudi nyumbani. Kenya ilitunga Sheria ya Mali ya Kifedha Isiyodaiwa mwaka 2011, na kutokana nayo tukapata Mamlaka tunayoijua kwa herufi UFAA, yenye ofisi Pacis Centre, Westlands, jijini Nairobi. Akaunti ya benki isiyoguswa kwa miaka 5, gawio lisilochukuliwa kwa miaka 3, mshahara usiochukuliwa kwa mwaka mmoja: vyote hivyo benki na kampuni zinatakiwa kuvikabidhi. Mkumbuke mwaka 2008, hisa za Safaricom zilipouzwa kwa umma. Walimu, mama mboga, makuli wa bandarini, kila mtu alipanga foleni. Walioandika sanduku la posta la shule waliyohama, au waliofariki bila kumwambia mtu, gawio lao halikupotea hewani. Mamlaka inashika mabilioni ya shilingi, na yaliyorudi kwa wenyewe hadi sasa ni sehemu ndogo.

Jambo la kwanza nataka kila msikilizaji alishike: kutafuta jina na kudai UFAA hakuna ada. Unaweza kupiga *361# kwenye simu yako, au kuingia kwenye tovuti yao, ukaweka namba ya kitambulisho. Anayekuambia utume kwanza shilingi 3,000 za kufungua faili ni mwizi, awe na kadi ya kazi shingoni au asiwe nayo.

Lakini nitakuwa mwongo nikisema kila anayemtafuta wakala hapa kwetu amedanganywa. Tuseme kuna mama wa Kisauni ambaye mumewe alikuwa na hisa. Jina ameliona, hakuna siri. Kinachomkwamisha ni karatasi. Anatakiwa awe na cheti cha kifo, na jina kwenye cheti lifanane na la kwenye hisa. Kwenye cheti marehemu ni Mohamed, kwenye hisa ni Muhammad. Anatakiwa kuwa na hati ya mahakama ya kusimamia mirathi, iwe kwa hakimu au kwa Kadhi. Kuna kiapo mbele ya wakili, nakala za kuthibitishwa, nauli ya kwenda na kurudi. Mali yenyewe ni shilingi 38,000. Hapo ndipo kijana mmoja mwenye mkoba anapomwambia: mama, niachie mimi, tutagawana nusu kwa nusu. Na mama anaona afadhali.

Kikomo cha ada peke yake hakimsaidii mama huyu, kwa sababu kwa asilimia 10 ya shilingi 38,000 hakuna atakayemshughulikia mahakamani. Anachohitaji ni njia fupi. California inamruhusu mrithi wa mirathi ndogo kudai kwa kiapo, bila kesi ya mirathi. Sisi tuna ofisi ya Mdhamini wa Umma, iliyoundwa kwa ajili ya mirathi ya namna hii pia, na wengi hawajui hata kama ipo. Ningependa kuona maafisa wa ofisi hiyo na wa UFAA wameketi meza moja, kwenye baraza la chifu, siku moja kila mwezi, wakipokea karatasi za wajane na mayatima papo hapo. Kazi ya kijana mwenye mkoba ingekwisha bila polisi kuitwa.

Kuna na jambo lisilonikalia vizuri katika sheria zetu. Sheria ya Mawakili ya Kenya, kifungu cha 46, haiutambui mkataba wa wakili kulipwa pale tu anaposhinda kesi. Aliyesoma sheria, akaapishwa, na anayeweza kufutwa kwenye orodha ya mawakili akikosea, amewekewa mpaka huo ili asigeuke mshirika katika mali ya mteja wake. Halafu mtu asiye na leseni, asiye na ofisi, ambaye hata jina lake la pili hulijui, anakaa na mjane sebuleni na kuandika nusu kwa nusu kwenye karatasi ya daftari. Kama tumeona hatari kwa wakili, tuione na kwa huyu.

Ninachotaka kwa wabunge wetu ni kidogo na kinaandikika kwenye ukurasa mmoja. Fomu ya kudai, pale ambapo anayeiwasilisha si mwenyewe, iwe na sehemu ya lazima yenye namba mbili, kiasi cha mali na kiasi atakachopokea mwenyewe, kwa shilingi na si kwa asilimia. Ada ya wakala iandikwe na isizidi asilimia 10 kwa mali ambayo jina la mwenyewe tayari liko kwenye orodha ya Mamlaka. Fedha ziingie moja kwa moja kwenye akaunti au simu ya mwenye mali, naye ndiye amlipe aliyemsaidia. Na juu kabisa, kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili, iandikwe kwamba huduma hii hutolewa bure.

Wewe unayenisikiliza, usingoje Bunge. Leo jioni chukua simu, tafuta jina lako, la mzazi wako aliye hai na la aliyetangulia mbele ya haki. Mpigie yule ndugu yako aliyeko Marekani, mwulize ameishi majimbo gani, mwambie atafute jina lake katika kila jimbo. Na mtu akija na mkataba, mwulize maswali matatu kabla ya kugusa kalamu: ni mali gani, ni kiasi gani, iko kwa nani. Akikataa kujibu hata moja, mwonyeshe mlango.